Maumivu ya Mzee na Akili Zake (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia kwenye paracetamol. Leo tunapanda ngazi moja, tufike kwenye dawa za jamii ya afyuni: kodeini, tramadoli, pethidini na mofini. Swali ambalo kila familia huniuliza ni lile lile: je, hizi dawa zinamharibu mzee akili?

Hapa Kilole, kama ilivyo Korogwe nzima hadi Handeni, tunao wazee ambao ujana wao uliishia kwenye mkonge. Kuinama kukata majani, kufunga matita, kubeba begani: kazi hiyo huja kudai haki yake mgongoni miaka mingi baada ya mtu kuacha kibarua. Waongeze waliovunjika nyonga kwa kuteleza uani, waliogongwa na bodaboda barabara kuu, na wenye saratani. Maumivu ya hawa hayatulizwi na Panadol mbili.

Dawa za afyuni hufanya kazi kwenye ubongo, uti wa mgongo na utumbo kwa mpigo. Ndiyo maana inayotuliza maumivu ndiyo hiyo hiyo inayoleta usingizi, inayopunguza kasi ya pumzi na kufunga choo. Mofini ikishapita kwenye ini, mabaki yake bado yana nguvu, na kazi ya kuyatoa ni ya figo. Figo za mtu wa miaka 80 si zile za miaka 30. Basi mabaki hujilimbikiza. Siku ya kwanza babu anatulia na kila mtu anashukuru. Siku ya tatu anamwita mjukuu kwa jina la kaka yake aliyefariki zamani, anachunachuna shuka, anaonyesha wadudu ukutani ambao hakuna mwingine anayewaona. Usiku hafumbi jicho. Mchana analala fofofo.

Hapo jirani mmoja atasema amerogwa, mwingine atasema ni uzee tu. Mimi huyu wa pili ndiye anayeniudhi zaidi, kwa sababu anaonekana mwenye busara. Uzee hauingii kwa siku tatu. Demensia, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, huja polepole kwa miezi na miaka. Aliyekuwa na akili zake Jumatatu akapotea Alhamisi ni mgonjwa wa dharura, na sababu inaweza kuwa malaria, maambukizi ya mkojo, upungufu wa maji, choo kilichokaa wiki nzima, au dawa.

Demensia yenyewe tunaijua vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa 2013, uliikuta kwa asilimia 6.4 ya watu wa miaka 70 na kuendelea. Huko huko Hai kilitengenezwa kipimo cha IDEA, kinachomfaa hata asiyejua kusoma: mzee anaambiwa ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, aeleze daraja ni nini, apange njiti nne za kiberiti kama alivyoonyeshwa. Muuguzi yeyote anaweza kujifunza kukitumia.

Je, kutumia afyuni kwa muda mrefu huleta demensia? Utafiti wa Seattle, Marekani, wa 2015, ulikuta waliozitumia kwa wingi wana hatari iliyozidi kidogo. Lakini waliotumia kwa wingi dawa za kundi la diklofenaki na ibuprofeni nao walikutwa hivyo hivyo. Kwa hiyo mimi namshuku zaidi yule anayepatikana katika makundi yote mawili, yaani maumivu yenyewe na maradhi yanayoyaleta.

Kumnyima mzee dawa nako kuna gharama. Wagonjwa waliovunjika nyonga huko New York, katika utafiti wa 2003, walichanganyikiwa zaidi pale walipopewa chini ya miligramu 10 za mofini kwa siku, au kiasi kinacholingana nazo. Iliyowachanganya kuliko dawa nyingine ilikuwa pethidini, na kwa mzee ningeiepuka kabisa.

Sisi hatuna balaa la Marekani la vidonge kugawiwa kama njugu. Ripoti ya jarida la Lancet ya 2017 ilionyesha kuwa katika tani karibu 300 za dawa hizi zilizogawiwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa ziliambulia tani 0.1. Uganda iliamua mapema: tangu 2004 wauguzi waliosomea huduma shufaa, yaani ile ya kumpunguzia mgonjwa mateso, wanaruhusiwa na sheria kuandika mofini ya maji. Kwetu, mwenye saratani huitazamia hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, na katika mkoa huu wa Tanga, Muheza wana historia nzuri ya huduma shufaa.

Kinachonitia hofu ni tramadoli ya mkononi, inayopita kwa marafiki bila cheti. Inaweza kuleta degedege na kushusha chumvi ya damu, na ikikutana na amitriptilini aliyoandikiwa bibi kwa ganzi za miguu, hatari huongezeka.

Mkimpeleka mzee hospitali ya Magunga au kituo chochote, bebeni dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, hata zile alizopewa na jirani. Ulizeni kama figo zimepimwa, na kama imeandikwa dawa ya kulainisha choo, maana mofini haiendi bila hiyo. Dozi ianze ndogo, ipandishwe taratibu. Na aliyetumia kwa wiki kadhaa asikatishwe ghafla.

Wiki ijayo tutaitazama Piriton, ile ya mafua inayouzwa kila duka, ambayo nayo humchanganya mzee.