Sheria ya mafuriko kwa wapangaji wa Texas
Katika jimbo la Texas, mwenye nyumba analazimika kumpa mpangaji taarifa ya maandishi kabla mkataba haujasainiwa, au papo hapo unaposainiwa. Anaeleza kama anajua kuwa nyumba imo katika “eneo la mafuriko ya miaka 100”, na kama anajua iliwahi kuharibiwa na mafuriko katika miaka 5 iliyopita. Taarifa hukaa kwenye karatasi yake, isizame ndani ya kurasa za mkataba.

Sheria hiyo ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Kabla ya hapo mnunuzi wa nyumba alikuwa tayari akipewa fomu ya kueleza kasoro za nyumba hiyo. Mpangaji, ambaye mara nyingi ndiye mgeni zaidi wa mtaa, hakuwa na haki hiyo. Kimbunga cha Harvey, Agosti 2017, kilionyesha ubaya wa pengo hilo. Jijini Houston, penye jumuiya za Wakongo, Wakenya na Watanzania, maji ya mabwawa ya Addicks na Barker yaliingia katika nyumba ambazo wakazi wake wengi hawakujua kuwa zimejengwa kwenye ardhi iliyokusudiwa kupokea maji hayo.

“Eneo la mafuriko ya miaka 100” ni jina linalopotosha. Halimaanishi kwamba maji huja mara moja kwa karne. Maana yake ni uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, ambao kwa miaka 30 hufikia takriban robo, na mafuriko ya mwaka jana hayazuii ya mwaka huu.

Mwenye nyumba asipoweka alama kwenye kisanduku chochote cha fomu ya taarifa, fomu yenyewe inamtaka mpangaji achukulie kuwa nyumba imo katika eneo hilo. Akivunja sheria, na mafuriko yakaharibu nusu au zaidi ya thamani ya mali ya mpangaji, huyu anaweza kuvunja mkataba kwa barua ndani ya siku 30 na kurudishiwa kodi aliyolipa mbele. Fidia ya godoro na makabati haimo, na huo ni udhaifu mkubwa.

New York ilifuata mwaka 2023, New Jersey 2024. Popote Marekani, ramani za mafuriko za FEMA, wakala wa serikali kuu wa kushughulikia maafa, hutafutwa bure kwa anwani. Bima ya kawaida ya mpangaji kwa kawaida hailipii mafuriko. Ile ya mpango wa taifa wa bima ya mafuriko hulinda vitu vya ndani hadi dola 100,000, lakini kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kununuliwa.