Meli za Modeli na Barafu ya Maabara: Kweli au Uongo?

Bila shaka umewahi kuona picha ya meli nene ikipasua bahari iliyoganda, na pembeni yake mjuzi fulani akieleza jinsi inavyofanya kazi. Wajuzi wa aina hiyo hawakosekani. Lakini kabla meli kama hiyo haijaundwa, modeli yake huvutwa ndani ya bwawa refu lenye baridi kali, katika miji kama Hamburg, Helsinki au St. John's nchini Kanada. Bwawa la St. John's lina urefu wa mita 90 na upana wa mita 12. Hebu tuyapitishe humo madai sita.

1. "Modeli ni kichezeo tu, haiwezi kusema lolote kuhusu meli halisi."

Uongo. Tangu mwaka 1872, William Froude alipokuwa akivuta modeli kwenye bwawa lake huko Torquay, Uingereza, kanuni za kuhamisha vipimo kutoka modeli hadi meli zinajulikana. Chukua modeli iliyopunguzwa mara 25. Meli ya mita 100 inakuwa ya mita 4, na barafu ya mita moja inakuwa ya sentimita 4. Mwendo haugawanywi kwa 25 bali kwa 5, kwa hiyo noti 10 za baharini ni noti 2 bwawani. Nguvu nazo hugawanywa kwa 25 mara tatu mfululizo: kila kilo moja inayoikinza modeli ni zaidi ya tani 15 kwa meli yenyewe. Wahandisi wa Leningrad walianza kupima hivi kwenye barafu mwaka 1955. Mwaka 1969 bwawa jingine lilijengwa Helsinki kwa ajili ya safari ya meli ya mafuta ya Manhattan kupitia Njia ya Kaskazini-Magharibi.

2. "Barafu ni barafu. Gandisha maji, weka modeli, kazi imekwisha."

Uongo, na hapa ndipo penye kazi yenyewe. Ukipunguza unene wa barafu mara 25, lazima upunguze na uimara wake mara 25. La sivyo, modeli itakuwa inagonga ukuta. Barafu ya bahari hustahimili mkazo wa kama kilopaskali 500 inapopindwa. Barafu ya bwawani inatakiwa ivunjike kwenye 20 tu. Barafu ya maji matamu, kama ile ya mfuko unayonunua dukani, ni ngumu hata kuliko ya bahari.

Kwa hiyo mafundi hutengeneza udhaifu kwa makusudi. Wengine hutia chumvi kwenye maji, wengine urea, wengine ethanoli. Kanada walibuni mchanganyiko wa glikoli, sabuni na sukari. Chumba hupozwa hadi nyuzi nyingi chini ya sifuri, kisha ukungu wa maji hunyunyizwa hewani ili chembe ndogo zianguke juu ya maji na kuwa mbegu ya barafu. Barafu ikishafikia unene unaotakiwa, joto hupandishwa taratibu ili ilegee. Kisha fundi hukata ulimi wa barafu palepale bwawani, upande mmoja ukibaki umeshikana na tandiko zima, na kuusukuma chini hadi uvunjike ili ajue uimara wake. Kipimo kikifika panapotakiwa, modeli huvutwa bila kuchelewa, kwa sababu barafu inaendelea kulegea. Modeli nayo hupakwa rangi maalumu ili msuguano wake na barafu ulingane na ule wa meli halisi.

3. "Meli hizi hukata barafu kama kisu."

Uongo. Barafu ni imara sana ukiibana, lakini ni dhaifu ukiipinda. Ndiyo maana omo ya meli ya kuvunja barafu imelala kwa mteremko: hupanda juu ya barafu na kuikandamiza kwa uzito wa meli hadi ipasuke. Kisha inabaki kazi ya kuzamisha vipande na kuvipitisha pembeni, na hiyo nayo hula nguvu nyingi za injini. Kamera zilizowekwa chini ya bwawa huonyesha vipande hivyo vinakwenda wapi, na kama vinaelekea kwenye rafadha.

Wajenzi wa madaraja hutumia kanuni hiyohiyo. Daraja la Confederation la Kanada, lililofunguliwa mwaka 1997, lina nguzo zenye umbo la pia pale zinapokutana na maji, ili barafu ipande, ipinde na kuvunjika.

4. "Barafu inayosogea polepole haina madhara."

Uongo, na wahenga walishatuonya: kimya kingi kina mshindo mkuu. Barafu inayokwenda taratibu huusukuma muundo hadi upinde, kisha husagika ghafla na muundo hurudi nyuma kwa kishindo. Halafu mchezo unaanza upya. Kwenye mwendo fulani, mapigo hayo hulingana na mtikisiko wa asili wa muundo wenyewe. Aprili 1986, jukwaa la mafuta la Molikpaq katika Bahari ya Beaufort lilitikiswa vikali hivyo, hata mchanga uliolijaza ukaanza kupoteza ushupavu. Barafu yenyewe ilikuwa ikisogea taratibu kuliko mtu anayetembea. Leo nguzo za majukwaa na za mitambo ya upepo hupimwa bwawani kwa kasi mbalimbali, na kasi ndogo hazirukwi.

5. "Omo ikishindwa, jaribu kwenda kinyumenyume."

Kweli! Manahodha wa Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini waligundua zamani kwamba kurudi nyuma hupasua barafu vizuri, na mwaka 1888 kivuko cha St. Ignace kikaundwa na rafadha upande wa omo. Rafadha hufyonza maji chini ya barafu na kuiachia ining'inie bila kitu cha kuishikilia. Mkondo wake pia huosha ubavu wa meli na kupunguza msuguano. Wafini waliendeleza wazo hilo bwawani, na mwaka 2002 ikazaliwa meli ya mafuta ya Tempera: bahari ikiwa wazi hutanguliza omo, barafu ikiwa nzito hutanguliza tezi.

6. "Modeli ikipita bwawani, meli itapita baharini."

Nusu kweli. Makadirio ya ukinzani na ya nguvu ya injini huwa mazuri. Lakini barafu ya maabara mara nyingi hupinda kupita kiasi kabla ya kuvunjika, na nyufa zake hazikimbii kama za bahari. Juu ya hayo, baharini kuna theluji inayong'ang'ania ubavu wa meli. Kwa hiyo mabwawa makini hulinganisha matokeo yao na vipimo vya meli halisi zikiwa barafuni, kisha hurekebisha hesabu.

Ukikutana na muuza meli anayejigamba kwamba modeli yake ilipita, muulize mambo mawili: barafu ile ilikuwa na uimara kiasi gani, na ni meli ngapi zilizopita bwawani humo zimepimwa tena baharini. Asipokuwa na majibu, usitie saini.