Istilahi katika Maktaba ya Ofisi ya Mawakili

Mwaka 2021 Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania lilipitisha Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, Na. 1 ya mwaka huo. Kwa sheria hiyo Kiswahili kikawa lugha ya sheria za nchi na lugha ya mahakama, Kiingereza kikiruhusiwa pale ambapo haki inadai hivyo. Kabla ya hapo Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuzoeleka katika Mahakama za Mwanzo, lakini katika mahakama za juu kumbukumbu na hukumu ziliandikwa kwa Kiingereza, hata kama mashahidi wote na hakimu mwenyewe walizungumza Kiswahili tangu asubuhi hadi jioni.

Wapenzi wa lugha walifurahi, na walikuwa na sababu ya kufurahi. Hata hivyo, kabla hoja haijasemwa mbele ya jaji huandikwa mezani pa wakili, na kabla ya kuandikwa hutafutiwa nguvu maktabani. Katika makala haya tunakusudia kueleza kazi za maktaba ya ofisi ya mawakili, vyombo vinavyotumika humo, na jinsi istilahi zisizokubaliana zinavyoweza kumkosesha mwananchi haki yake pasipo mtu yeyote kukusudia.

Kazi za maktaba

Zamani ofisi nyingi za mawakili wa Dar es Salaam zilikuwa katikati ya jiji, jirani na Mahakama Kuu. Siku hizi zipo nyingi pia Kinondoni, Kijitonyama, Mikocheni na Msasani. Maktaba tuliyoitembelea iko Kinondoni, si mbali na Barabara ya Kawawa. Ni chumba kimoja. Rafuni zimo ripoti za kesi za Afrika Mashariki na za Tanzania, juzuu za sheria, na mafungu ya Gazeti la Serikali, ambalo hutoka kila Ijumaa. Mezani pana kompyuta mbili na skana. Kwenye kona limebaki kabati la kadi, na mkutubi, mama wa makamo aliyeanza kazi enzi za taipureta, hajakubali liondolewe.

Kazi ya kwanza ya mkutubi huyo ni kujua sheria ilivyo leo. Kila Bunge linapobadili kifungu, juzuu iliyoko rafuni hupitwa na wakati. Zamani mkutubi alikata vipande vya karatasi vyenye maneno mapya na kuvibandika juu ya maneno ya zamani, hata juzuu zikavimba. Hapa istilahi mbili zinafaa kutenganishwa. Marekebisho ni mabadiliko ya sheria yanayofanywa na Bunge. Urekebu ni kazi ya kukusanya marekebisho yote yaliyokwisha kufanyika na kuyaingiza katika toleo moja, bila kubadili maudhui ya sheria. Toleo la urekebu la mwaka 2002 lilitumika kwa miaka mingi. Toleo la mwaka 2023 lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2025. Katika urekebu namba za vifungu huweza kubadilika. Kwa hiyo mfasiri anayeandika "marekebisho" mahali pa "urekebu" humfanya msomaji adhani kwamba Bunge limebadili sheria, kumbe limebadilika toleo tu.

Kazi ya pili ni kutafuta hukumu za mashauri yaliyotangulia, na kazi ya tatu ni kutunza mifano ya nyaraka ambazo mawakili huzitumia tena na tena: mikataba ya upangaji, viapo, wosia na hati za madai. Kiingereza hutumia neno moja kwa vitu vyote viwili, yaani hukumu ya zamani inayofuatwa na waraka wa mfano unaonakiliwa. Wafasiri wengi wamelifuata neno hilo wakaandika "kigezo" kote kote. Kiswahili hakina sababu ya kubeba utata wa lugha nyingine. Hukumu iliyotangulia inayotegemewa katika hoja tunapendekeza iitwe kesi rejea, jina ambalo limekwisha kuzoeleka kwa mawakili. Waraka wa mfano uitwe kiolezo. Wakili akiomba kesi rejea ya mkataba wa pango atapewa hukumu. Akiomba kiolezo atapewa karatasi ya kujaza.

Kutoka kabati la kadi hadi hifadhidata

Kabati la kadi lilikuwa chombo cha akili. Kila hukumu iliandikiwa kadi, na kila kadi iliwekwa chini ya kichwa cha mada. Mkutubi alipoona kwamba jambo moja lina majina mawili, alichagua moja na kwa jina la pili akaweka kadi yenye neno "tazama". Aliyefungua droo kwa jina lisilochaguliwa alielekezwa kwenye jina lililochaguliwa, wala hakurudi mikono mitupu.

Leo hukumu nyingi za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zinapatikana bila malipo katika tovuti ya TanzLII, ambayo huendeshwa na Mahakama ya Tanzania. Kila hukumu hupewa mwaka ndani ya mabano ya mraba, herufi za mahakama iliyoitoa, na namba yake. Herufi TZCA huonyesha Mahakama ya Rufani, na TZHC huonyesha Mahakama Kuu. Nyaraka za mashauri nazo huwasilishwa kwa njia ya kielektroniki, chini ya kanuni zilizotolewa mwaka 2018. Wakili wa Kinondoni sasa husoma kwa dakika chache hukumu iliyotolewa Mwanza au Mbeya, ambayo zamani angeingojea kwa miezi.

Faida hiyo ni kubwa, nasi hatuidharau. Lakini mambo mawili yapaswa kufahamika. Kwanza, waraka uliopita katika skana huwa ni taswira, yaani picha ya ukurasa. Mtu huuona na kuusoma, lakini kompyuta haioni herufi ndani yake mpaka taswira ibadilishwe kuwa matini. Ofisi inayojaza mafaili ya taswira ikadhani imejenga hifadhidata imejenga albamu ya picha. Pili, hata penye matini, mashine hutafuta herufi zile zile ilizopewa. Kadi ya "tazama" haimo, isipokuwa kama mtu ameiweka.

Madhara yake tuliyashuhudia siku hiyo hiyo. Wakili kijana alikuwa akiandaa ombi la mteja aliyechelewa kupinga hukumu ya kiwanja. Alihitaji uamuzi wa nyuma unaoeleza sababu gani hutosha kumwongezea mtu muda. Aliandika katika kompyuta maneno "rufaa nje ya muda", akatafuta katika mafaili ya ofisi, asipate kitu. Akamwendea mkutubi.

"Shikamoo, mama. Inaelekea hatuna uamuzi wowote wa jambo hili."

"Marahaba, mwanangu. Tunao, tena si mmoja. Hebu andika 'kuongezewa muda', kisha uandike 'rufani'."

Maamuzi matatu yakatokea. Yote yalikuwamo tangu mwanzo. Kama mkutubi angekuwa likizo, wakili angekwenda mahakamani bila kesi rejea, na mwenye kiwanja angelipa gharama ya tofauti kati ya "rufaa" na "rufani".

Maneno mengi kwa dhana moja, na neno moja kwa dhana nyingi

Tatizo la kwanza, basi, ni dhana moja kuwa na maneno mengi. Mahakama yetu ya juu, iliyoanzishwa mwaka 1979 baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, huitwa Mahakama ya Rufani. Lakini mitaani, na hata katika nyaraka rasmi, watu hukata rufaa. Anayekata huitwa mrufani, mkata rufaa au mwomba rufani. Wengine huandika shtaka, wengine shitaka. Wengine husema kesi, wengine shauri. Katika mazungumzo tofauti hizi hazimdhuru mtu, kwa kuwa msikilizaji huzielewa zote. Katika hifadhidata kila umbo ni droo yake, na droo hizo hazijuani.

Tatizo la pili ni neno moja kubeba dhana nyingi. Neno "dhamana" ni mfano mzuri. Mshtakiwa huachiwa kwa dhamana. Mkopaji huweka nyumba yake dhamana benki. Muuzaji wa friji hutoa dhamana ya mwaka mmoja. Na waziri hupewa dhamana ya wizara. Anayetafuta "dhamana" peke yake hupata wote wanne kwa pamoja. Hali kadhalika neno "hati". Mkazi wa Kinondoni akisema "sina hati, nina ofa tu", jirani humwelewa mara moja kwamba hana hati miliki ya ardhi bali barua ya toleo; lakini maktabani hati ni kiapo, ni wito, ni madai, na ni mkataba. Dawa yake ni kuongeza neno la kupambanua: dhamana ya mshtakiwa, dhamana ya mkopo, dhamana ya bidhaa, hati miliki, hati ya wito, hati ya madai.

Tatizo la tatu limo katika maumbile ya lugha yenyewe. Mifumo mingi ya kutafutia ilibuniwa kwa lugha ambazo maneno hubadilika zaidi mwishoni. Huko mtafutaji huandika mwanzo wa neno, akaweka alama ya nyota, na mashine ikakamilisha miisho yake. Kiswahili hubadilika mwanzoni. Mkataba huwa mikataba, na jambo lake huwa la kimkataba. Kiapo huwa viapo. Ushahidi, shahidi na mashahidi ni ndugu wanaokaa katika herufi tatu mbalimbali. Kitenzi ndicho kigumu zaidi: alikata, wamekata, hawakukata, tusipokata. Nyota iliyowekwa mwishoni mwa neno "mkataba" haitaleta "mikataba" hata kidogo.

Watunga kamusi zetu walikumbana na jambo hili zamani, wakaamua kwamba nomino iorodheshwe kwa umbo la umoja, na kitenzi kwa shina lake. Kamusi iliyofuata utaratibu huo humfaa mwanafunzi kwa sababu amefundishwa kuutumia. Faharasa za sheria zinastahili utaratibu kama huo, na watumiaji wake wafundishwe vivyo hivyo.

Baadhi ya istilahi zinazopendekezwa

Faharasa: orodha ya maneno au mada, pamoja na mahali zinapopatikana katika kitabu au mkusanyo.

Hifadhidata: mkusanyo wa taarifa uliopangwa ndani ya kompyuta ili zitafutwe kwa urahisi. Wengine husema kanzidata. Maneno yote mawili yana watetezi. Ofisi ichague moja, na jina la pili lipewe "tazama".

Kesi rejea: hukumu iliyotangulia inayotegemewa katika hoja. Ikiwa imetolewa na mahakama ya juu huzifunga mahakama zilizo chini yake.

Kichwa cha mada: neno au fungu la maneno lililochaguliwa kuwakilisha dhana moja katika katalogi.

Kiolezo: waraka wa mfano unaotumiwa kuandalia waraka mwingine.

Matini: maandishi ambayo kompyuta inaweza kuyasoma na kuyatafuta.

Taswira: picha ya ukurasa, isiyotafutika kwa maneno mpaka igeuzwe matini.

Urekebu: uandaaji wa toleo jipya la sheria lenye marekebisho yote yaliyokwisha kufanywa.

Wajibu wetu

Juhudi hizi hazikuanza leo. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967, na mwaka 1968 chuo cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichapisha kitabu cha istilahi za sheria kilichotungwa na A. B. Weston. Wakati ule haja kubwa ilikuwa kupata neno la kutaja kila dhana. Leo kwa dhana nyingi tunayo maneno mawili au matatu, na haja ni kukubaliana.

Kwa mfasiri, tunashauri kwamba katika tafsiri ya sheria asibadilishe neno kwa ajili ya kupamba. Mwalimu wa insha alitufundisha tusirudie neno, naye alikuwa na haki yake. Lakini katika sheria msomaji akiona neno jipya hudhani ni dhana mpya. Kwa mtumishi wa serikali, tunashauri kwamba kila waraka ukaguliwe istilahi zake kabla ya kupelekwa kuchapwa, maana ukishaingia katika hifadhidata utatafutwa kwa miaka hamsini ijayo. Kwa mwalimu, tunashauri kwamba matumizi ya faharasa yafundishwe mapema, kwa kamusi iliyopo darasani. Na kwa wakutubi wa ofisi za mawakili, tunaomba daftari zao. Yule mama wa Kinondoni ana daftari la kurasa tisini, ambamo kila neno alilowahi kulikuta lina "tazama" yake. Daftari hilo lina thamani kuliko mashine zote mbili zilizo mezani pake, nalo halijanakiliwa popote.

Wasomaji wanaoona kwamba istilahi tulizopendekeza hapa hazifai, au wenye nyingine zilizo bora zaidi, wanaombwa kuliandikia Baraza, wakieleza neno, maana yake, na mahali walipoliona likitumika.