KUBADILI BREKI ZA NYUMA: MAMBO YA KUPIMA KABLA YA KUIDHINISHA FEDHA

Vyama vingi vya msingi hutegemea gari moja tu, na mara nyingi gari hilo ni la umri mkubwa. Fundi anapoleta makisio ya kuondoa breki za dramu za nyuma na kuweka za diski, Kamati hutakiwa kuidhinisha fedha za wanachama kwa jambo isilolifahamu. Ni vema basi jambo lenyewe lieleweke kwanza.

Breki ya dramu ni mfano wa chungu cha chuma kinachozunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake mna viatu viwili. Dereva akikanyaga pedali, mafuta ya breki huvisukuma viatu hivyo vikatanuka na kusugua ukuta wa dramu. Breki ya diski ni sahani ya chuma iliyo wazi, ambayo hubanwa pande zote mbili na pedi zilizomo katika kalipa.

Sifa ya diski ni kustahimili joto. Dramu ikipata moto hutanuka, ukuta wake ukajitenga na viatu, na pedali ikashuka chini. Hali hiyo hutokea katika miteremko mirefu, kama ile ya kutoka Lushoto kwenda Mombo, hasa dereva asipotumia gea ndogo. Tena, gari likivuka kijito, dramu hubaki na maji na tope, lakini diski huyatupa nje upesi.

Hata hivyo, gari linapopunguza mwendo kwa ghafula, uzito wake huegemea mbele. Kwa hiyo breki za mbele hufanya zaidi ya nusu ya kazi. Ndiyo sababu Citroën DS ya mwaka 1955 ilitengenezwa ikiwa na diski mbele na dramu nyuma, na Land Rover One Ten iliyotolewa mwaka 1983 ilikuwa hivyo hivyo. Hata leo pikapu nyingi mpya huuzwa zikiwa na dramu nyuma. Chama chenye gari lililo na dramu katika magurudumu yote manne hakina budi kuanza na ya mbele.

Hatari kubwa ni breki za nyuma kushika kabla ya zile za mbele. Magurudumu ya nyuma yakijifunga, mkia wa gari huzunguka na dereva hawezi tena kuliongoza. Pikapu iliyo tupu huwa hatarini zaidi, kwa kuwa nyuma yake ni nyepesi. Breki zenye nguvu kupita kiasi huko nyuma hazileti usalama, bali huuondoa.

Kabla ya kuidhinisha malipo, Kamati imtake fundi ajibu maswali matatu.

Kwanza, masta silinda itafaa? Katika dramu, kiatu kimoja huvutwa na mzunguko wa gurudumu na hivyo kujiongezea nguvu. Pedi za diski hazina msaada huo. Huhitaji mafuta yenye msukumo mkubwa zaidi au pistoni pana zaidi. Pistoni pana hutumia mafuta mengi, na pedali huweza kushuka mno. Aidha, baadhi ya magari ya zamani yana valvu ndogo inayobakiza msukumo kidogo katika bomba la dramu. Ikiachwa, pedi zitasugua diski wakati wote na kuichoma.

Pili, breki ya mkono itakuwa wapi? Katika magari mengi waya wake huvuta viatu vilivyomo ndani ya dramu za nyuma. Dramu zikiondolewa, nayo imeondoka, isipokuwa zinunuliwe kalipa zenye mkono wake. Land Rover za zamani zina nafuu, kwani breki yao ya mkono iko nyuma ya gea boksi ya pili, mbali na magurudumu.

Tatu, spea zitapatikana? Kalipa iliyotolewa katika gari la aina nyingine, bila pedi zake madukani, italisimamisha gari msimu wa mavuno.

Mara nyingi yatosha kuzifufua dramu zilizopo: viatu vipya, springi mpya, silinda za magurudumu zisizovuja, na dramu iliyochongwa bila kupita kipimo chake. Mafuta nayo yabadilishwe, kwa maana hunyonya maji ya hewani. Kwa kanuni, mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi 155. Fundi asipulize vumbi la viatu vya zamani, kwa kuwa huenda lina asbesto, ambayo hudhuru mapafu.

Iwapo Kamati itakubali kubadili, vifaa vinunuliwe vikiwa seti kamili iliyokusudiwa kwa gari hilo, kampuni ya bima ijulishwe kwa maandishi, na gari lijaribiwe likiwa tupu, kisha likiwa na mzigo, katika barabara isiyo na watu. Matokeo yaandikwe katika kitabu cha mihutasari. Malipo ya mwisho yafuate majaribio hayo, wala yasitangulie, maana fundi akishalipwa huondoka, na gari hubaki likibeba mazao ya wanachama na wanachama wenyewe.