Juu ya nini maji machafu yanarudi nyumbani?



Kuna habari ambayo watu hawapendi kuizungumza mezani, lakini siku inapotokea inazungumzwa na kiwanja kizima: WC imekataa kushuka, na maji meusi yanapanda katika dushi. Mama anaita watoto wote: «Nani alitupa kitu mu choo?» Baba anatafuta fundi. Fundi akifika, anasema, «Tuyo njo imeharibika,» na anaanza kuvunja simenti. Mara nyingi anavunja fasi isiyokuwa na ugonjwa. Franga zinaisha, na nyuma ya majuma mawili maji yanarudi tena.

Tumeona vema kueleza jambo hili hapa, kwa sababu wengi wenu mutakuwa na nyumba zenu. Tena kazi hii, watu wakiifanya pasipo akili, inaua. Tutafika pale.

Kwanza tujue njia yenyewe. Hapa kwetu Kivu nyumba nyingi sana hazina mfereji mkubwa wa mji wa kupokea machafu yao. Kila kiwanja kinajitunzia. Maji ya WC, ya dushi na ya jikoni yanapita ndani ya tuyo, yanaingia katika visanduku vya simenti vyenye kifuniko ambavyo mafundi wanaviita rega, kisha yanafika katika shimo la simenti, ndilo fosi septiki. Ndani ya fosi vitu vizito vinashuka chini na kuwa matope. Mafuta na vitu vyepesi vinapanda juu na kufanya kama ngozi. Katikati kunabaki maji. Vijidudu vinavyoweza kuishi pasipo hewa vinakula matope yale polepole. Maji ya katikati yanatokea upande wa pili, yanaingia katika shimo lililojaa mawe, na udongo unayanywa. Shimo hili la mwisho ndilo pwi perdi.

Basi ugonjwa unaweza kuwa katika fasi tatu: tuyo, fosi, ao pwi perdi. Dawa ya moja haiponyeshi ingine. Ndiyo sababu tunasema: tafuta fasi kwanza, kisha utafute nyundo.

Kutafuta si kazi ngumu. Maji yakikosa njia yanatokea kwa tundu lililo chini kupita yote. Kwa hiyo dushi inasingiziwa bure: tundu lake liko sawa na sakafu, ni lazima maji yaanzie pale, hata kama kizuizi kiko mbali nje. Kama ni lavabo moja tu inayokataa na vingine vinashuka vizuri, shida iko katika sifo yake, kile kizingo cha chini chenye umbo la U. Kizingo kile kinashika maji sentimeta 5 hivi juu ya kuzuia harufu isipande nyumbani, lakini kinashika pia nywele na sabuni. Weka beseni chini yake, kifungue, kioshe, kirudishe. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kazi ile.

Lakini kama vyote vinakataa pamoja, toka nje. Fungua rega moja moja, ukianzia ile ya karibu na nyumba. Ukikuta rega moja imejaa na ile inayofuata iko kavu, kizuizi kiko katikati ya hizo mbili, na huna haja ya kuvunja fasi ingine. Ukikuta zote zimejaa mpaka kwenye fosi, tuyo haina kosa. Inua basi kifuniko cha fosi, simama mbali kidogo ili hewa mbaya itoke, na utazame bila kuinamia. Maji yakiwa juu kupita tundu la kutokea, pwi perdi imekataa kunywa. Yakiwa kwa kipimo chake lakini mlango wa kuingilia umefunikwa na ngozi nene, ngozi ile ndiyo kizuizi.

Sasa sababu. Watu wengi wanafikiri kila mara ni kitu kikubwa kilichotupwa: kitambaa, chupa, kiatu cha mtoto. Inatokea, lakini katika nyumba zetu adui mkubwa anatoka jikoni. Bukavu iko karibu metre 1500 juu ya bahari, na asubuhi kila mtu anaona mawese yake yameganda ndani ya chupa. Mawese yale yale, yakioshwa kutoka kwa sufuria na kuingia katika tuyo iliyo ndani ya udongo wa baridi, yataganda namna gani? Yanashika ukuta wa tuyo, leo kidogo, kesho kidogo. Tena sisi tunasugua masufuria kwa majivu na mchanga. Mchanga unashuka chini, mawese yanaushika, mabaki ya sombe na ya bugali yanaongezeka juu yake. Kitu kile kikikaa miezi kinakuwa kama jiwe. Wengine wanamwaga maji ya moto na kufurahi kwamba imefunguka. Kweli mafuta yameyeyuka, lakini yamesogea metre chache mbele na kuganda tena fasi ambayo mkono hauwezi kufika.

Dawa yake ni mbili. Pangusa sufuria kwa jani ao karatasi mbele ya kuiosha, na usugulie nje, mchanga ubaki nje. Ya pili, mbele ya maji ya jikoni kuingia katika tuyo kubwa, jenga kisanduku cha kushika mafuta, ambacho mafundi wanaita baki ya gresi. Maji yanatulia pale, mafuta yanapanda juu, na maji yanatokea kwa tuyo iliyoinamishwa mdomo chini. Mafuta unayatosha kwa kijiko kikubwa kila juma. Mtu akijenga kisanduku asikitoshe mafuta, amepoteza simenti yake.

Sababu ya pili itashangaza wengine: ukosefu wa maji. Robine ikikauka, watu wanatumia kikopo kidogo juu ya kusukuma choo. Maji yale yanatosha kusafisha bakuli ambalo macho yanaliona, lakini hayatoshi kubeba machafu mpaka fosi. Yanasimama katikati ya njia, yanakauka, na ya kesho yanasimama nyuma yake. Heri kuchota ndoo ya litre 8 ao 10 na kuimwaga kwa nguvu mara moja, kuliko kumwaga vikopo vitano vya polepole.

Juu ya karatasi: kurasa za kaye na za magazeti hazilegei upesi ndani ya maji. Zikunjwe zitiwe katika kikapu, kisha zichomwe. Vilevile juu ya vitambaa vya wasichana. Katika shule nyingi wasichana wanapewa lawama kila mara choo kinapoziba, na pengine vitambaa vinaonekana kweli. Lakini niulize: katika kabine kulikuwa ndoo yenye kifuniko? Kama haikuwako, msichana afanye nini, atembee nacho mkononi katikati ya wavulana? Ndoo moja ni bei ndogo kuliko fundi.

Katika nyumba za zamani tuyo ni za udongo wa kuchoma ao za simenti, vipande vifupi vilivyounganishwa kwa simenti. Udongo wa milima yetu unatembea. Wakaaji wa Funu wanajua. Ukisogea kidogo tu, kiungo kinapasuka, na mizizi ya avokado ao ya miti ingine inasikia unyevu inaingia. Inakuwa kama ndevu ndani ya tuyo, na kila karatasi inashikwa. Unaweza kukata mizizi, lakini itarudi. Pale inafaa kuchimba, kutosha kipande kilichopasuka na kutia tuyo ya plastiki ya milimeta 110. Ilazwe juu ya mchanga, si juu ya mawe, na ishuke sentimeta 2 hivi kwa kila metre. Metre 10, sentimeta 20. Pimeni kwa nivo ya fundi ao kwa mpira wa maji, musipime kwa macho. Macho yanadanganywa na mteremko wa kiwanja.

Na mvua? Nyumba nyingi zimeunganisha maji ya bati na fosi, eti isafishwe. Tufanye hesabu. Milimeta 1 ya mvua juu ya metre kare 1 ni litre 1. Bati la metre kare 100, mvua ya milimeta 40: ni litre 4000. Fosi ya jamaa moja inaweza kuwa na litre 3000 tu. Kwa mvua moja maji yote yamesukumwa nje, matope yamepanda, yamekwenda kuziba pwi perdi. Maji ya bati yawe na njia yake peke yake.

Tuje sasa kwa kuzibua. Kizuizi kikiwa ndani ya tuyo, simama kwa rega ya chini, ile kavu, na usukume kuelekea juu. Watu wengi wanasukuma toka juu, wanakaza kizuizi kama kizibo cha chupa. Tumia mpira mgumu, kamba ya chuma, ao mianzi iliyopasuliwa na kufungwa vizuri isije ikakatikia ndani. Ukisikia kinalegea, ondoka mbele ya tundu, kwa maana maji yote yaliyongoja yatakuja mara moja. Kisha kamata vile vilivyotoka kwa chepeo, usiviache vishuke katika fosi. Vaa glovu na bote, na nyuma ya kazi oga kwa sabuni.

Musimwage asidi ya batri, wala sude kostiki, ambayo inachemka ikikutana na maji na kuunguza macho. Zaidi ya yote, musichanganye asidi na Javel. Wanafunzi wa kemia wanajua kinachotoka: klori, hewa ile ile ambayo Wadachi waliitumia kuua askari karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, mwezi wa Aprili 1915. Katika kabine yenye dirisha dogo hakuna fasi ya kukimbilia. Javel nyingi tena inaua vijidudu vinavyokula matope, na fosi inajaa upesi.

Hapa tunafika kwa jambo la kuua. Fosi ikijaa, mtu anaambiwa: «Ingia, utoshe na ndoo.» Anashuka, anaanguka pasipo kulia. Mwenzake anaona, anashuka kumshika, naye anaanguka. Pengine wa tatu. Habari ya namna hii imesikiwa katika inchi nyingi, na kila mara ni ndugu ao marafiki waliofuatana. Si uchawi. Matope yakiozea fasi isiyo na hewa yanatoa idrojeni sulfure, H2S. Fanyeni hesabu: idrojeni mbili ni 2, sulfure 32, jumla 34. Hewa tunayovuta ni karibu 29. Basi hewa ile ni nzito kuliko ya kwetu, inakaa chini ya shimo. Ikiwa kidogo inanuka kama yai bovu. Ikiwa nyingi inaua kwanza kunusa kwenyewe, hata mtu anasema, «Harufu imekwisha, tushuke,» na kumbe ni wakati wa hatari kupita yote. Wengine wanashusha mshumaa wapime hewa. Wasifanye vile: mle kuna metani pia, na metani inawaka.

Kwa hiyo hakuna mtu anayeingia, hata kama kifuniko kimekaa wazi tangu jana. Matope yanatoshwa toka juu, kwa pompi ao kwa ndoo iliyofungwa kwa mti mrefu. Mtu akianguka ndani, vuteni kwa kamba kama amefungwa, mwiteni msaada, lakini asishuke wa pili.

Kujua saa ya kutosha ni rahisi. Chukua mti mrefu, uvingirishe kitambaa cheupe, uushushe polepole mpaka chini, uungoje kidogo, uuvute. Alama nyeusi inaonyesha urefu wa matope. Yakifika sehemu moja ya tatu ya kina, tosha. Bakisha kidogo, ndiyo mbegu ya vijidudu, kisha jaza maji.

Matope hayo yapelekwe wapi? Si katika mtaro, si katika ziwa. Mwezi wa Julai 1994 kule Goma kipindupindu kiliua maelfu ya wakimbizi kwa majuma machache, na ugonjwa ule haujatoka katika mikoa ya ziwa letu. Unapita kwa machafu yanayofika katika maji ya kunywa. Tangu jangwani Waisraeli waliagizwa wawe na chombo cha kuchimbia na kufunika machafu yao nje ya kambi (Kumbukumbu la Torati 23). Chimba shimo mbali na nyumba, chini ya chemchemi si juu yake, na metre 30 toka maji yoyote ya kunywa. Nyunyiza chokaa, funika kwa udongo.

Kubaki pwi perdi iliyokataa kunywa. Mara nyingi imezibwa na matope yaliyovuka kutoka fosi isiyotoshwa miaka mingi. Kuosha mawe yake ni kazi kubwa, na faida yake haidumu. Heri kuchimba ingine kandokando, metre chache toka ya zamani na mbali na ukuta wa nyumba, na kuiacha ile ya kwanza ipumzike. Kule Goma kazi ni ingine: mwamba wa volkano unavunjwa kwa nyundo, na pengine una nyufa zinazobeba maji mbali pasipo kuyachuja. Kwetu udongo ni mwekundu na mzito, unakunywa polepole. Mbele ya kuchimba pwi mpya, jaza maji katika kishimo kidogo cha sentimeta 30, ngoja yaishe, jaza tena, utazame yanashuka namna gani kwa saa moja. Yakikaa pale pale, hamisha shimo.