Kabla ya Kuagiza Programu ya Kompyuta: Chagua Njia ya Kuitengeneza

Anayejenga nyumba huona msingi ukichimbwa na kuta zikipanda. Anayeagiza programu ya kompyuta haoni kitu mpaka aonyeshwe, na huenda wakati huo amekwisha kulipa sehemu kubwa ya fedha. Kwa hiyo tunamshauri kila mnunuzi, kabla ya kukubali bei, amwulize mtengenezaji: kazi hii itafuata njia gani? Jibu ndilo litakaloamua ni lini ataona alichoagiza, na kama bado atakuwa na nafasi ya kukirekebisha.

Tuchukue mfano wa kikundi cha wakulima wa mboga katika milima ya Usambara, wilayani Lushoto, kinachotaka programu ya kuandika mazao yanayopokelewa kutoka kwa wanachama na malipo ya kila mmoja.

Njia ya hatua kwa hatua

Mahitaji yote huandikwa mwanzoni. Kisha hufuata usanifu, utengenezaji, majaribio na makabidhiano. Wataalamu huifananisha na maporomoko ya maji, kwani kazi hushuka wala hairudi juu. Faida yake ni kuwa bei na tarehe hujulikana mapema. Hata hivyo, Winston Royce, Mmarekani aliyeieleza mwaka 1970, alionya kuwa ni hatari kuyaacha majaribio hadi mwisho, kwa kuwa kasoro itakayoonekana hapo yaweza kuirudisha kazi mwanzo. Njia hii hufaa pale ambapo kanuni zimekwisha kuwekwa, kwa mfano ukokotoaji wa makato ya wanachama.

Njia ya sehemu kwa sehemu

Mtengenezaji hukabidhi sehemu ndogo inayofanya kazi kila baada ya wiki chache; watumiaji huijaribu, na maoni yao huongoza sehemu inayofuata. Faida yake ni kuwa kosa hugunduliwa lingali dogo. Kasoro yake ni kwamba gharama ya mwisho haijulikani mapema, na mnunuzi hulazimika kutenga mtu wa kushiriki muda wote.

Umuhimu wa kujaribu mapema ulidhihirika nchini Kenya. Majaribio ya M-Pesa ya mwaka 2005 yalikusudiwa kuwasaidia wakopaji wadogo kurejesha mikopo. Watumiaji wakaonekana wakitumiana fedha wao kwa wao. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, shabaha yake ilikuwa kutuma fedha.

Ipi ichaguliwe?

Kadiri mnunuzi asivyo na hakika ya mahitaji yake, ndivyo anavyohitaji kuona kazi mapema. Katika kikundi chetu, programu iliyosanifiwa kwa kilo pekee haitamfaa karani anayepokea nyanya kwa tenga. Na inayotegemea intaneti kila wakati itakwama bondeni ambako mtandao hukatika. Mambo kama haya hujitokeza karani anapoishika programu mkononi. Kikundi hicho kingefanya vema kutengenezewa sehemu ya mapokezi kwanza, kuijaribu kabla ya msimu wa mavuno huku daftari likiendelea kutumika, kisha kuagiza hesabu za makato kwa bei maalumu.

Mambo ya kuandika katika mkataba

1. Malipo yagawanywe, na kila awamu ilipwe baada ya sehemu husika kukabidhiwa na kujaribiwa.
2. Kwa kazi ya sehemu kwa sehemu, pawe na ukomo wa fedha na haki ya kusitisha baada ya sehemu yoyote.
3. Itajwe nani anaidhinisha mabadiliko na yatatozwa vipi.
4. Nywila, jina la tovuti, kumbukumbu zote na maandishi asilia ya programu vikabidhiwe kwa mnunuzi.
5. Taarifa za wanachama zitunzwe kwa kufuata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.
6. Itajwe muda ambao mtengenezaji atarekebisha kasoro bila malipo.

Mtengenezaji anayedai fedha zote mwanzoni na kukataa kuonyesha chochote hadi mwisho anamtwisha mnunuzi hatari yote. Mnunuzi asitie saini. Na kila anapolipa, adai risiti na kuihifadhi pamoja na mkataba, kwani bila ushahidi huo malalamiko yake yatakuwa magumu kusikilizwa.