Funda la Kwanza

Dakika tano kabla ya Magharibi, siku za mfungo, mkekani kwa bibi yangu Tanga, mazungumzo yalikuwa yakipungua yenyewe. Kaimati zimefunikwa kawa, uji wa pilipili manga unatoa mvuke, na kando ya sahani ya tende kuna kata ya maji yaliyotekwa mtungini muda huohuo. Adhana ikianza, bibi alikula tende moja, akapiga funda moja la maji, akafumba macho na kusema, "Alhamdulillahi." Baada ya hapo ndipo alipogeuka kutugawia sisi wajukuu.

Siku hizo niliona ni desturi tu ya wazee. Miaka mingi baadaye, nilipoanza kusoma habari za kiu, nilirudi kulifikiria funda lile.

Kiu huanzia kwenye damu. Mchana kutwa mwili hupoteza maji kwa jasho, kwa mkojo, hata kwa pumzi, na damu inayobaki huzidi kukolea chumvi. Ikikolea kwa asilimia 2 hivi tu, ubongo unajua. Sehemu kubwa ya ubongo imekingwa isiguswe ovyo na vitu vilivyomo kwenye damu, lakini kuna vijisehemu vichache visivyo na kinga hiyo, na kimoja kati yake kazi yake ni kuionja damu saa zote. Chumvi ikizidi, seli zake za neva huchachamaa, na hapo mtu hawezi kufikiria kitu kingine isipokuwa maji.

Sasa tazama ajabu yake. Maji uliyoyanywa huchukua kama dakika 10 kabla ya kuibadilisha damu kwa kiasi cha kuhesabika. Kiu haisubiri dakika hizo. Huanza kuondoka maji yakiwa bado kooni. Mwaka 2016 Zachary Knight na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walieleza walichokiona ndani ya ubongo wa panya wenye kiu. Panya alipoanza kulamba maji, seli zile zilizochachamaa zilinyamaza ndani ya dakika moja hivi, damu ikiwa bado na chumvi ileile. Ubongo ulikuwa umepokea habari kutoka mdomoni na kooni, ukapiga hesabu ya maji yatakayofika, ukatuliza kiu kabla hayajafika. Waligundua pia kwamba ubaridi peke yake mdomoni ulitosha kupunguza mchachamao wa seli hizo.

Ndiyo maana nasema mtungi wa bibi ulistahili heshima yake. Udongo wa mtungi una vitundu vidogo mno vinavyopitisha maji taratibu hadi nje, na maji hayo yakigeuka mvuke huondoka na joto la yale yaliyobaki ndani. Mtungi hutoka jasho kama sisi, kwa faida ileile. Funda lililotoka humo lilikuwa na vyote viwili ambavyo seli za kiu huvitafuta: maji, na ubaridi.

Raha ya funda hilo haimo ndani ya maji peke yake. Mwanafiziolojia Mfaransa Michel Cabanac aliandika mwaka 1971 kuhusu watu waliopewa maji ya sukari wakiwa na njaa: waliyafurahia. Walipokwisha kunywa sukari ya kutosha, maji yaleyale yaliwachukiza, ingawa utamu ulimini ulikuwa uleule. Mfungaji yeyote anaijua tofauti ya tende ya kwanza na ya kumi. Mwaka 2013 watafiti Jordi Quoidbach na Elizabeth Dunn waliwataka watu fulani wakae wiki nzima bila kuonja chokoleti, huku wengine wakipewa ya kula watakavyo. Waliporudi kuila, waliojizuia ndio walioifurahia zaidi.

Na hata msisimko wa kuisikia adhana, ishara kwamba funda linakuja, una maelezo yake. Katika miaka ya 1990 Wolfram Schultz alichunguza seli za dopamini za nyani waliokuwa wakipewa maji ya matunda. Mwanzoni seli zilistuka maji yalipofika mdomoni. Nyani walipozoea kwamba ishara fulani hutangulia, seli zikawa zinastuka kwa ishara, na maji yenyewe yalipofika kwa wakati wake zikakaa kimya. Ubongo huacha kustuka kwa kile ulichokwisha kukitarajia. Maji ya bomba ninayokunywa mchana wa kawaida, nimesimama, macho yangu kwenye simu, yanapita bila kusikika kwa sababu hiyo.

Je, kushukuru kunaweza kuirudisha raha yake? Mwaka 2003 Robert Emmons na Michael McCullough walichapisha matokeo ya wanafunzi walioandika kila wiki, kwa wiki 10, mambo waliyoyashukuru. Waliridhika na maisha yao kuliko wenzao walioandika kero. Utafiti wa Sonja Lyubomirsky ndio ulionigusa zaidi: waliohesabu neema mara moja kwa wiki waliongezeka furaha, waliofanya hivyo mara tatu hawakuongezeka. Kumbe hata shukrani huchakaa ikiwa orodha ya kujaza. Bibi hakuwa na orodha. Alikuwa na kiu, na alilitaja jina la Mwenye kuiondoa palepale ilipoondoka.

Ipo dua ya kufuturu aliyotufundisha. Ndani yake kuondoka kwa kiu hutajwa kwanza, na kulowa kwa mishipa hufuata. Niliposoma habari za panya wa San Francisco niliisoma tena dua ile polepole, kisha nikaenda jikoni kuteka maji.